Esta Isiyolika

Kwa miaka kumi na tisa, maabara ya kiwanda kimoja cha sabuni na mafuta ya kupikia ilikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja mfupi. Wafanyakazi walimwita Bi Tone, maana alihesabu kila tone kama mchoyo anayegawa asali. Hakuwa mtu wa makelele. Mumewe alizoea kusema, "Mke wangu akinuna, ujue kuna kitu kimepimwa vibaya."

Asubuhi moja mtunza ghala alimjia mbio, hata salamu hakuimaliza.

"Dada, yale mapipa arobaini ya malighafi ya kutengenezea sabuni yamehamishiwa upande wa mafuta ya kula. Na lebo zimebanduliwa!"

Bi Tone alikwenda kuchota mwenyewe. Kwa macho ungeapa ni mafuta: ya manjano, maangavu, ukiyatia kwenye maji yanaelea. Lakini kwenye mrija mwembamba yalipita kwa sekunde kumi, wakati mafuta ya kupikia huburuta miguu dakika nzima na ushee. Akatwaa neli mbili za kioo zenye methanoli, ile spiriti isiyonyweka. Ya kwanza akaitia mafuta ya kula. Yakazama yakatulia chini. Ya pili akaitia yale ya pipani. Yakayeyuka yote, usione hata alama.

Akazibeba neli zake hadi ofisini kwa meneja.

"Bosi, kile kitu ni esta ya methili."

"Si imetokana na mawese?" Meneja hakuinua macho. "Mafuta ni mafuta, mama."

"Mafuta ya kula ni asidi tatu zilizoshikwa na gliserini moja. Hapa gliserini imeondolewa, na kila asidi imefungwa peke yake kwa methanoli. Ni ndugu, sikatai, wote ni ukoo wa esta. Ila ndugu wote hawaingii chungu kimoja. Hii inabandua rangi, inalainisha mpira, inaendesha injini. Na isiposafishwa vizuri hubaki na methanoli, na methanoli inapofusha watu."

"Tutachanganya kidogo tu. Nani atajua?"

"Nimeshajua mimi."

Meneja akamsogezea daftari la vipimo. "Andika 'mafuta ya mimea', tia sahihi, nenda kazini."

Bi Tone akaandika kwa wino mwekundu: *Esta ya methili ya asidi za mafuta. Malighafi ya sabuni. Si chakula.* Meneja akausoma, akauchana ule ukurasa mbele ya macho ya Bi Tone, akautupa kapuni.

Angemtukana, angemeza. Lakini kuchana kipimo! Kipimo hakina chuki na mtu, hakina chama wala shemeji. Mtu mzima, mwenye tai shingoni, anachana ukweli kama karatasi ya maandazi! Bi Tone alitoka, akaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa kujazia chupa, akapanda juu ya kreti.

"Jamani, zimeni mashine! Mnacholetewa kujaza hapo si mafuta, ni esta!"

"Esta?" mjazaji mmoja akadakia. "Ndiye nani huyo, hawara wa bosi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Tone hakucheka. Aliwaonyesha zile neli mbili, akawaeleza neno kwa neno, mpaka vicheko vikakauka. Mama mmoja wa makamo, mjazaji wa siku nyingi, akavua aproni yake.

"Wajukuu zangu wanakula haya mafuta. Mimi sijazi."

Wa pili akavua, wa tatu, na mashine ikanyamaza. Msimamizi alibwata hadi sauti ikamkauka. Saa nane mchana wakaguzi wa vyakula walifika, maana mtunza ghala naye alikuwa amepiga simu. Wakapima, wakapata kilekile. Mapipa yote arobaini yakarudishwa upande wa sabuni, na hakuna chupa hata moja iliyotoka getini.

Meneja alihamishiwa tawi jingine, cheo kilekile. Bi Tone ndiye aliyepewa na uongozi barua ya onyo kwa "kuvuruga uzalishaji", akitakiwa kuomba radhi kwa maandishi.

"Andika tu yaishe," mumewe akamsihi.

"Yaishe? Niombe radhi kwa kujua kazi yangu?"

Akajibu kwa mstari mmoja: "Rudieni kipimo, mkipata mafuta ya kula, nitaomba radhi." Hadi leo hawajarudia, wala yeye hajaomba.