Namba Nane ya Albano

Tarehe 14 Machi 2023, karani wa kliniki moja ya Kinondoni aliandika namba 8 kwenye kadi ya Albano Liponda. Kadi ipo, na namba inasomeka bila shaka.

Albano ni mchongaji wa vinyago pale Mwenge, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu. Julai ya mwaka uliotangulia, nta ya kung'arishia mpingo ilishika moto jikoni, ikamuunguza mkono wa kushoto, ule anaoshikia patasi. Alipandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Baada ya hapo, kila alipohudhuria aliulizwa mlangoni, na yeyote aliye zamu, ngozi ina hali gani kwa ulaini, na inawasha kiasi gani, kutoka moja hadi kumi. Kwa ulaini, Novemba alijibu mbili; Januari, saba; Machi, nane.

Daktari alipousoma mfululizo huo aliona ngozi inazidi kukakamaa. Aliagiza iondolewe na kupandikizwa upya, kutoka paja la pili, tarehe 4 Aprili.

Albano hakuelewa. Vidole vilikuwa vimeanza kukunjika; wiki hiyohiyo alikuwa ameshika patasi kwa mara ya kwanza. Kukatwa tena kulimaanisha kuanza upya, na pengine mkono usirudi kabisa. Alirudi Mwenge, akamweleza Mfaume, mchongaji wa kibanda cha jirani.

"Wamekuona gogo hao," Mfaume alisema. "Wanataka kukuchonga upya!"

"Acha utani, bwana. Mie nimewaambia imepona, wao wanasema inaharibika."

"Labda umepona wewe, ngozi bado."

Tarehe 28 Machi aliitwa kwa vipimo vya kabla ya upasuaji. Safari hii alipokewa na muuguzi Raudha, ambaye hakuwahi kumhudumia. Raudha aliibonyeza ngozi, akatazama inavyobadilika rangi, akaifinya taratibu kati ya vidole viwili, kisha akaifungua kadi.

"Samahani, baba," alisema akicheka kidogo. "Hii nane uliisema wewe mwenyewe?"

"Niliisema mwenyewe. Na leo naongeza, weka tisa."

"Tisa! Mbona mie naiona imelainika?"

"Si ndiyo hiyo tisa, mwanangu?"

"Baba, hapa moja ndiyo ngozi ya kawaida. Kumi ndiyo mbaya kabisa."

Albano alitoa mfukoni vipande viwili vya msasa, akaviweka juu ya kadi.

"Huu ni namba sitini, unachuna. Huu ni mia nne. Ukiupitisha shavuni husikii kitu. Namba ikipanda, ulaini unapanda. Nimeshika msasa miaka thelathini, sijaona wa kupanda kwa kurudi nyuma."

"Na kuwasha je? Machi ulisema mbili."

"Mbili, kidogo tu. Kuwasha hakuna msasa, sista."

Raudha alicheka, kisha akaacha. Kwenye kadi ileile, kwa ulaini Albano alihesabu namba kubwa kuwa nzuri, na kwa kuwasha namba kubwa kuwa mbaya. Alimwita daktari, naye akaupima mkono mwenyewe, akaufuta upasuaji wa Aprili na kuagiza vipimo vipya mwezi Juni. Albano alivirudisha vipande vyake mfukoni. Alikuwa ameokoa mkono, lakini alitoka akiuliza iwapo sasa aseme mbili au nane.

Majibu ya Novemba na Machi yamefafanuliwa: Albano ana hakika kwamba siku hizo hakuelezwa kitu, akajibu kwa hesabu ya msasa. Januari aliulizwa na mwanafunzi wa uuguzi ambaye amekwishaondoka. Albano anakumbuka kwamba mwanafunzi huyo alimweleza jambo refu kuhusu namba, ila hakumbuki kama ilikuwa kabla au baada ya kujibu. Kwa hiyo haijulikani kama ile saba ilimaanisha ngozi ngumu au ngozi laini, wala kama mwezi huo ngozi ilikuwa imekaza kisha ikaachia.