Dirisha Alilolipaka Festus

Delia alipokata roho, jirani yao Sabina, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kijiji kile, alisimamisha saa ya ukutani, akafunika kioo kwa shuka, kisha akamgeukia mume wa marehemu.

"Festus, fungua dirisha, roho yake ipite."

Festus akalisukuma. Halikwenda. Alilipaka rangi ya buluu kabla ya Pasaka, akalifunga ikiwa bado mbichi. Delia alimwambia, "Wewe mwanamume, litaganda hilo." Akamjibu kwamba vizuri, upepo wa bahari haujaalikwa. Walicheka.

Jikoni wanawake walikuwa wakingoja kuitwa kumlilia, na wanaume wameshawasha viko. Colman, nduguye Delia, akachungulia. "Shemeji, si afunguliwe mlango tu?"

"Apite katikati ya moshi wenu?" Sabina akamkaripia. "Maisha yake yote aliwafukuza na viko vyenu, leo ndiyo awapigie hodi?"

Colman akacheka. Kicheko kikageuka kilio, akarudi jikoni.

Festus akachukua kisu cha mkate, akakipitisha kwenye ufa wa dirisha. Polepole. Nyuma yake Sabina alikuwa akimchana marehemu nywele. Mara chanuo likasimama.

"Festus. Kisu hakigusi rangi."

"Najua."

"Unamzuia, ndugu yangu."

"Aende wapi? Nje mvua."

Sabina akaliweka chanuo kando. Akaja akamshika mkono ule wenye kisu, wakakata pamoja. Dirisha likaachia, upepo ukaingia, pazia likainuka. Sabina akamvuta kando upesi, maana alikuwa amesimama baina ya kitanda na dirisha, na hapo hasimami mtu.

Festus akakaa. Alilitazama lile pazia mpaka likatulia.

Mishumaa ya kando ya kitanda ilipofika nusu Sabina akasema, "Basi, ameshakwenda. Lifunge sasa, asije akarudi."

Festus akainuka. Akaweka viganja kwenye dirisha, akasimama hivyo.

"Limekwama," akasema.

Sabina akatazama. Dirisha lilikuwa likicheza lenyewe kwenye bawaba, likienda na kurudi kwa upepo. Akachukua shali ya Delia msumarini, akamfunika nayo mzee mabegani.

"Haya," akasema. "Limekwama."

Akaenda jikoni kuwaambia wanawake kwamba marehemu yuko tayari, sasa waanze kumlilia.