Hadithi ya Tembo Niliyoipeleka Likawage

Nilikwenda Likawage kwa sababu ya simu ya mwalimu mwenzangu, Zainabu, niliyesoma naye chuo cha ualimu. Mimi nafundisha darasa la pili hapa Kilwa Masoko. Yeye alipangiwa huko bara, ambako ukitaka mtandao unapanda kilima. Alikuwa ameanzisha kikao cha hadithi kila Jumamosi alasiri. Mtu mzima anasimulia jambo la msitu, la mto au la wanyama, watoto wanaandika maneno machache ya hadithi hiyo, na anayeweza anasoma alichoandika mbele ya wenzake. Wazazi wanaruhusiwa kukaa na kusikiliza.

"Likizo hii njoo, na ulete ile ya tembo," aliniambia.

Ile ya tembo ni kijitabu changu cha kurasa kumi na mbili, nilichokiandika na kukichora mwenyewe. Tembo mpole anambeba mtoto mgongoni na kumvusha mto. Wanafunzi wangu wa Masoko wanakipenda kupita kiasi, nami, sitaficha, nilikuwa najivuna nacho. Nikadurufu nakala ishirini, nikafunga safari.

Ijumaa asubuhi nilishuka Nangurukuru, nikapata nafasi kwenye Canter iliyopakia mabati, chumvi na makreti ya soda. Nilikaa mbele, kati ya dereva na mama mmoja aliyepakata kuku. Tulifuata lami kuelekea kusini, kisha tukaiacha tukaingia kulia. Kuanzia hapo ni vumbi jekundu, miyombo inayochipua majani ya rangi ya kutu, na vijito vikavu ambavyo gari lilivishuka kwa kunyata.

"Mvua ikianza hapa hupiti, mwalimu," dereva alisema. "Utakaa hukohuko mpaka uolewe."

Saa sita hivi alisimamisha gari ghafla. Mti ulikuwa umelala barabarani, umemenywa magome, na kinyesi kikubwa kimetapakaa kando yake. "Tembo wamepita alfajiri," alisema, akashuka kuuvuta mti. Mimi nilishuka na simu yangu, nikapiga picha kila upande. Niliporudi, yule mama aliniangalia kwa muda.

"Picha ya nini?" aliuliza.

Nikamwambia ni za wanafunzi wangu. Akampakata vizuri kuku wake, akageukia dirishani.

Likawage tuliingia jua likiwa limeinama. Zainabu alinipokea kwa ugali na mlenda, tukacheka mambo ya chuo mpaka tukachoka.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, tulikwenda kwenye ghala la ufuta. Msimu ulikuwa umekwisha na ghala lilikuwa tupu, limefagiliwa na kutandikwa mikeka. Watoto walijaa sakafuni, kina mama wakakaa ukutani. Nikagawa vijitabu, nikaanza kusoma kwa mbwembwe zangu zote, sauti nzito kwa tembo, sauti nyembamba kwa mtoto.

Kufikia ukurasa wa tano nikagundua kuwa hakuna anayecheka. Masoko hapo ndipo wanapopiga makofi. Nikaongeza mbwembwe. Tembo alipopiga magoti ili mtoto apande, msichana mmoja mwembamba wa miaka kumi hivi alisimama.

"Mwongo," alisema. "Tembo habebi mtu."

Akaweka kijitabu mkekani taratibu, akatoka. Kina mama walitazama chini. Nilimaliza kusoma, lakini sikumbuki nilimalizaje.

Njiani kurudi nyumbani Zainabu alinieleza. Msichana yule ni Mwanahawa, wa darasa la nne. Baba yake mdogo, Juma, aliuawa na tembo shambani msimu uliopita, mahindi yakiwa yamebeba.

"Nilizika nao," Zainabu alisema, "halafu nikakuita na hadithi ile bila kuwaza. Kosa ni langu. Ila nikwambie kitu, dada. Tangu msiba ule mtoto yule hajafungua mdomo darasani. Neno lake la kwanza ndilo lile."

Jumapili asubuhi nilimwomba anipeleke kwa kina Mwanahawa. Tulimkuta bibi yake, Bi Somoe, akipepeta mtama uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni mkekani."

Nilitoa pole, nikaomba radhi kwa hadithi yangu. Aliweka ungo chini.

"Si wewe uliyemtuma mnyama yule. Na mwanangu Juma hakuwa mjinga. Alishuka dunguni kuwafukuza kwa debe, kama wanavyofanya wote." Dungu ni kile kibanda cha juu ya miti wanacholala walinzi wa mashamba. "Ila shamba lenyewe liko mapitoni. Baba yangu alituonyesha tukiwa wadogo: hapa wanashuka kunywa, hapa wanapanda. Wazee wote walilima upande wa kilimani."

Tukiwa katika maneno hayo aliingia Athumani, baba yake Mwanahawa, shoka begani, jasho likimtiririka. Alikuwa ametoka kufyeka, na alikuwa anafyeka palepale mapitoni.

"Kilimani hakuna maji, mama," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwishalisema hilo mara nyingi. "Miaka miwili mahindi yameungua huko. Nilishe watoto nini?"

Bi Somoe aliuchukua tena ungo wake, akaendelea kupepeta. Mimi nilikuwa mwalimu niliyekuja na tembo wa kuchora.

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Nikamgeukia. "Mimi tembo simjui," nilimwambia. "Niambie wewe, niandike."

Alimtazama bibi yake kwanza. Kisha akaanza, kwa Kingindo, haraka haraka, na bibi akawa anatugeuzia kwa Kiswahili. Niliandika kwenye daftari, herufi kubwa. Aliponyamaza alisogea.

"Baba mdogo umemwandika wapi?"

Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya jina, akakiacha hapo.

Herufi alizijua, lakini kuziunganisha kulimshinda; Zainabu alikuwa amejaribu mwaka mzima. Siku ile hakutaka kuinuka. Alinakili sentensi zile, akafuta, akanakili tena, akauliza kwa nini "njia" ina n mbele. Mchana alikula huku daftari liko magotini, na bibi yake akamwacha.

Kwa kuwa Canter ilikuwa inarudi Jumanne, Zainabu aliitisha kikao kingine Jumatatu alasiri. Habari zilikuwa zimezagaa, na safari hii hata wanaume walikuja, wakasimama mlangoni. Athumani alikuwa miongoni mwao. Mwanahawa alisimama mbele, kidole kwenye mstari.

"Baba mdogo Juma alinifundisha kupiga mluzi. Alilala shambani kwetu, mtoni. Tembo walikuja kunywa maji. Njia yao i... ina..."

Akakwama. Watoto walitaka kumsaidia, Zainabu akainua mkono kuwazuia. Tulingoja.

"Inapita shambani. Bibi anasema njia ilikuwepo kabla yetu. Baba anafyeka tena palepale. Naogopa."

Hakuna aliyepiga makofi. Kule mlangoni Athumani alikuwa amevua kofia.

"Soma tena hapo mwisho," alisema.

Akasoma tena, polepole zaidi, na mara hii hakukwama popote. Baba yake aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaondoka. Niliingiwa na hofu kwamba tumemtia mtoto matatani, tumemwaibisha baba mbele ya wenzake.

Jumanne asubuhi, nikingoja dereva amalize kupakia magunia, niliwaona wawili wakipita kuelekea mtoni: Bi Somoe mbele na fimbo yake, akionyesha huku na huku, na Athumani nyuma, mikono mitupu, akisikiliza.

Njia ya kurudi niliona kama fupi. Nilikuwa nimezoea kuwapelekea watoto hadithi iliyokwisha, kazi yao ikiwa kuipenda. Nilidhani ukimchora tembo mpole, mtoto atampenda tembo na msitu wake. Watoto wa Likawage wanamjua mnyama huyo kwa nyayo na kwa makaburi, na anayetaka wauhifadhi msitu inabidi akae kwanza mkekani awasikilize. Siku hizi darasani kwangu naanza kwa kuuliza wao wameona nini.

Wiki tatu baadaye Zainabu alinipigia kutoka kilima chake cha mtandao. Athumani ameliacha shamba la mtoni na anafyeka kilimani, upande waliolima wazee. Mahindi ameyapunguza, sehemu kubwa atapanda mtama na ufuta, vinavyovumilia jua. Hana uhakika, anamwomba Mungu mvua tu. Na kwa kuwa huko hakuna maji, watoto wake sasa wanayafuata mbali, kwenda na kurudi asubuhi nzima.

"Na Mwanahawa?" niliuliza.

"Ameandika hadithi nyingine, peke yake. Imejaa makosa."

"Ya nini?"

"Ya ndoo," Zainabu alisema. "Analalamika ni nzito, na anataka baba yake aje kikaoni aisikie."