Majike wa Nkuhungu

Samaki niliokuwa nikiwavua si wa kula. Kwetu Ugogo, mtu mwenye ng'ombe hakuhangaika na samaki, achilia mbali samaki wa urefu wa kidole wanaoonekana kwenye madimbwi ya mvua na kutoweka maji yakikauka. Watoto walisema wanaanguka na mvua, na wakubwa hatukuwa na jibu bora zaidi.

Aliyewataka alikuwa Mjerumani mmoja wa reli aliyekaa Dodoma. Kwao kulikuwa na watu wanaofuga samaki ndani ya masanduku ya kioo, sebuleni, kwa kuwatazama tu. Watu hao walitaka kujua kila samaki ametoka dimbwi gani, wala hawakutaka wachanganywe. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya juu ya misheni, nikajiona ndiye wa kazi hiyo. Dume wa dimbwi la Nkuhungu alikuwa na mkia mwekundu wenye ukingo mweusi. Wa dimbwi la Mvumi mkia wake ulikuwa mwekundu vilevile, lakini ukingo ni wa samawati. Ukimweka kwenye bakuli jeupe, juani, hukosei.

Nilimchukua shemeji, mume wa dada yangu, tufanye kazi pamoja. Sababu haikuwa samaki. Jumbe alikuwa akichagua wanaume wa kwenda kuvunja mawe ya reli, na aliyekuwa na kazi kwa Mzungu aliachwa. Dada alikuwa mjamzito, mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na pale nyumbani hapakuwa na mwanamume mwingine wa kuchunga wala kulima. Shemeji akiondoka, dada angebaki na jembe na ng'ombe peke yake.

Tulivua kwa kaniki kuukuu, mmoja huku mmoja kule, tukabeba madebe kichwani na matawi yakielea juu ili maji yasimwagike. Kila tulipovua tuliwakuta wengine wa kijivu, wasio na rangi yoyote, wa madimbwi yote mawili sawasawa. Tuliwarudisha majini. Tulidhani ni wachanga, rangi haijawaiva, na mfugaji hauzi ndama.

Madebe yakasafirishwa pwani, yakapanda meli kwenda kwao. Baada ya muda Mjerumani akatuita uani kwake, uso umemwiva.

"Mmeniletea madume matupu! Rafiki zangu wanangoja watoto, watoto watoke wapi? Wale wa kijivu ndio majike. Ninyi watu wa ng'ombe hamjui jike?"

"Jike wa ng'ombe ana chuchu, bwana," shemeji akasema. "Huyu tungemshika wapi?"

Mpishi wake alicheka. Mjerumani hakucheka. Alituonyesha mapipa mawili alimobakiza madume wa kila dimbwi, akasema tulete majike wa Nkuhungu na wa Mvumi, kila dimbwi na debe lake, la sivyo kazi imekwisha.

Tulianza Mvumi, kwa kuwa ndiko mbali. Tulipata majike wengi. Tulipofika Nkuhungu dimbwi lilikuwa tope lenye nyayo za ng'ombe, halina hata kiluwiluwi. Nikamimina nusu ya majike wetu wa Mvumi kwenye debe la pili.

"Shemeji, hao si wa huku," akaniambia.

"Nani atawajua? Wa kijivu wote ni wamoja."

"Na wakizaa?"

"Watazaa kwa Wajerumani. Wewe unataka ukavunje mawe?"

Akalibeba debe.

"Hawa wa Nkuhungu?" Mjerumani aliuliza.

"Ndiyo, bwana."

Akawatia kwenye pipa la madume wa Nkuhungu, akatushika mikono, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Shemeji akaendelea na kazi, uwele ukavunwa, dada akajifungua binti.

Mvua zilizofuata nilikwenda Nkuhungu peke yangu. Watu wa reli walikuwa wamejaza udongo pale kwa ajili ya tuta, na maji yalipita kando bila kutuama. Nilizunguka madimbwi ya jirani siku nzima. Sikumwona hata mmoja mwenye ukingo mweusi. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba samaki hao huishi msimu mmoja tu na kuacha mayai topeni; madume tuliowavua kule walikuwa wamekufa, na jike halisi wa kule hatukumpeleka hata mmoja.

Nilimweleza Mjerumani habari za tuta. Hakusikitika nilivyodhani.

"Si neno," akasema. "Wa Nkuhungu wako kwetu, wanazaa vizuri sana. Uliwaokoa wewe."

Hapo ndipo iliponipasa kusema kwamba mama zao walitoka Mvumi. Lakini jumbe alikuwa bado anachagua watu, na binti wa dada alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutambaa.

"Vema, bwana," nikamjibu, nikachukua debe langu nikaenda Mvumi.