Chunusi Nafuta, Kovu Siligusi

Fundi alikuwa na kanuni moja ya kazi, na hakuivunja hata siku moja tangu afungue studio yake ya picha: chunusi aliifuta, kovu hakuligusa. Mteja akiamka na chunusi imemkaa puani siku ya kupiga picha ya kitambulisho, Fundi aliiondoa kwenye kompyuta bila hata kuombwa. Lakini shimo la shavuni, mkwaruzo wa nyusi, alama ya kushonwa kidevuni, hivyo vilibaki kama vilivyo, hata mteja alie machozi.

"Chunusi ni mgeni," aliwaambia. "Wiki ijayo hayupo, kwa nini akae kwenye kitambulisho chako miaka yote? Kovu ni mwenyeji. Nikimfukuza mwenyeji, hii picha itakuwa ya nani?"

"Yangu! Si nalipa mimi?"

"Basi kapige kwa jirani. Kule watakupa hadi macho mapya."

Wengine waliondoka kweli. Wengi wao walirudi, maana maofisa wa vitambulisho walizitazama zile picha za jirani, wakamtazama na mwenye picha, wakauliza ndugu yake yuko wapi.

Studio ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kulikuwa na benchi la kungojea, kioo cha ukutani, na kitana kilichofungwa kamba ili kisiondoke na mtu. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitambaa cheupe, taa mbili zenye miavuli, na kiti cha kuzunguka ambacho watoto walikipenda kuliko picha yenyewe.

Uso wa Fundi nao ulikuwa umejaa mashimo, shavu hili na lile. Chunusi za ujana ndizo zilizouchimba. Shuleni walimwita Nanasi. Hakuna aliyempeleka kwa daktari. Mama yake, kwa mapenzi yote, alimpaka kila alichoambiwa na majirani, leo limau, kesho dawa ya meno, na yeye mwenyewe akamalizia kwa kucha mbele ya kioo. Miaka mingi alitembea akitazama viatu vya watu. Ni pale alipopata kibarua cha kushika taa kwa mpiga picha ndipo alipogundua kwamba mtu anayeuficha uso hutoka vibaya pichani, hata awe mzuri namna gani. Akaamua kuuinua wake. Kanuni yake ilizaliwa hapo, kwa maumivu, na ndiyo maana aliishika kama mtu anavyoshika kitu alichokinunua kwa jasho.

Hata mke aliipata kwa kanuni hiyo. Mkewe alikuja kwanza kama mteja. Alikuwa na alama kidevuni, aliyoipata utotoni kwa kuanguka kwenye ngazi, akataka iondolewe. Fundi akakataa. Mwanamke akamwita mkaidi, akanyakua picha zake, akaubamiza mlango. Siku chache baadaye alirudi, akakiri kwamba hajawahi kuwa na picha inayofanana naye kiasi kile.

"Na wewe, unafanana na nini hasa?" akamuuliza, akimtazama mashavu.

"Nanasi."

Mwanamke alicheka mpaka akalishika benchi. Tangu walipooana, akitaka kumbembeleza mumewe humwita Nanasi wangu, na hakuna mwingine duniani mwenye ruhusa hiyo.

Walijaliwa binti mmoja. Alianza kusema mapema na hakupumzika tena, wakamwita Kasuku. Kila likizo alikuwa studio, na kazi yake ilikuwa kuwalegeza wateja waliokauka kama mbao mbele ya kamera.

"Anko, umekaa kama umekuja kuposa! Shusha mabega, mke tumeshakupa!"

Mteja akicheka, Fundi alibonyeza. Picha nzuri za studio ile zilikuwa kazi ya watu wawili, na Fundi alijua hivyo, akamwambia kila mtu.

Chunusi zilimwanza Kasuku kama zinavyowaanza wengi, chache tu kwenye paji la uso. Alipomaliza shule zilikuwa zimeshuka mashavuni na kwenye taya, tena si vile vipele vidogo vyenye kichwa cheupe, bali vinundu vigumu vya chini ya ngozi, vinavyouma hata vikiguswa na mto wa kulalia.

"Baba, nipeleke kwa daktari wa ngozi."

"Unaumwa?"

"Uso unauma."

"Ni ujana huo, mwanangu. Utapita. Mimi ulinipitia bila daktari, na nipo."

"Nanasi wangu, kwani tukimpeleka tunapoteza nini?" mkewe alisema kutoka mlango wa jikoni.

"Tunamfundisha kuukimbia uso wake. Sitaki."

Mkewe hakuendelea. Hapo ndipo kanuni ilipotoka studio ikaingia nyumbani, mahali ambapo haikuwa na kazi yoyote. Studio, mtu anaamua nini kibaki kwenye picha. Nyumbani kulikuwa na mtoto anayeomba msaada, na mtoto anayeomba msaada hajibiwi kwa kanuni.

Kasuku alipopata nafasi ya chuo cha ualimu, akahitaji picha ya kitambulisho. Fundi aliipiga mwenyewe, akaifungua kwenye kompyuta, akavaa miwani. Vinundu vibichi akaviondoa kimoja kimoja, taratibu, kama anayechambua mchele.

"Na hizi alama nyeusi, baba?"

"Hizo ni makovu."

"Na hapa?" Kasuku akagusa shimo dogo kwenye shavu lake la kushoto, si lile la kwenye kioo cha kompyuta.

"Hapo pia. Huo ndio uso wako sasa. Uzoee mapema, usije ukateseka kama mimi."

Alisema kwa sauti ya upole kabisa. Mtu akikuumiza kwa hasira unaweza kumjibu. Akikuumiza kwa upole, unajiuliza kama una haki ya kuumia. Kasuku hakubishana. Kuanzia siku ile akahamia nyuma ya printa, akawa anakata picha na kuzitia kwenye bahasha. Wateja wakaachwa wajichekeshe wenyewe, na wengi hawakuweza.

Kisha akasikia habari za mwenye saluni mtaa wa pili aliyeuza krimu kwenye kopo lisilo na jina, aliyoichanganya mwenyewe. Kasuku akaanza kuipaka kwa siri. Haikupita muda mrefu, vinundu vikalala, ngozi ikang'aa kama iliyopigwa pasi. Fundi akaona, akajawa na furaha.

"Mama Kasuku, hebu njoo umwone mwanao! Sikusema? Ujana ule, umepita."

Kasuku alijua kilichoupitisha, akanyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa uongo. Lakini ni uongo ambao watoto hujifunza kwa wazazi wenye majibu kabla ya maswali.

Krimu ikaisha, na mwenye saluni alikuwa amesafiri. Uso wa Kasuku ukageuka. Ukawa mwekundu, ukawaka kama uliopakwa pilipili, kisha chunusi zikarudi kwa wingi kuliko mwanzo, hadi pembeni mwa midomo. Akajifungia chumbani, akasema ana homa, akaacha kwenda chuo.

Aliyefungua mlango ule alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa Fundi, muuza mitumba, mwanamke ambaye alizoea kuita wateja kutoka upande wa pili wa barabara na hakuwa na sauti nyingine ya nyumbani.

"Nyumba kimya hivi mmefiwa? Kasuku! Wewe Kasuku!"

Akaingia chumbani bila kubisha hodi. Akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa na kopo tupu mkononi, na sauti ilikuwa imeshuka, jambo lililomtisha Fundi kuliko makelele.

"Kaka, uso wa mtoto umeuona?"

"Nauona kila siku, dada."

"Umeuona au umeupiga picha?"

"Mimi nilimwambia ajikubali tu..."

"Ajikubali nini? Nyumba ikiungua unaiambia ijikubali? Mtoto amejipaka uchafu huu kwa sababu baba yake kamwambia dawa hakuna!"

"Mwambie, wifi," mke wa Fundi akasema.

"Na wewe wifi ulikuwa wapi? Kazi yako kumwita nanasi tu?"

Mke wa Fundi aliinama, kisha akainua kichwa. "Nilisema mara moja nikanyamaza. Kosa langu ndilo hilo. Nanasi wangu, kesho studio haifunguliwi. Unampeleka mwanao kwa daktari, na unakwenda wewe mwenyewe."

Hakuna aliyewahi kumwona Fundi akifunga studio siku ya kazi. Kesho yake ilifungwa.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya baridi na maneno machache. Alimketisha Kasuku, akavuta taa, akamkagua bila kukunja uso. Kisha akageuza taa ili mwanga uje kwa pembeni. Fundi aliijua mbinu ile. Mwanga wa mbele husawazisha kila kitu, wa pembeni hutoa vivuli. Miaka yote ile alikuwa amempiga binti yake picha kwa mwanga wa mbele.

"Haya madoa bapa, meusi, si kovu," daktari alisema. "Ni rangi iliyobaki baada ya uvimbe. Hufifia yenyewe taratibu, na ukijikinga na jua na kutumia dawa nitakayokupa, yatafifia mapema zaidi."

Fundi akakohoa. Yale ndiyo aliyoyaacha kwenye kitambulisho, akayaita wenyeji.

"Kovu ni haya mashimo. Chunusi ya ndani ikikaa muda mrefu inaharibu ngozi ya chini, na ngozi ikipona haijazi kila kilichopotea. Krimu ya kuziba shimo haipo. Atakayekuuzia anakudanganya."

"Kwa hiyo ndiyo basi?" Kasuku akauliza.

"Nani kasema basi? Kwanza tunazizima chunusi. Huwezi kudeki huku paa linavuja. Zikitulia kabisa, ndipo tunashughulikia mashimo. Kuna kuitoboa ngozi kwa sindano ndogondogo ili ijijenge upya, na yale mashimo yaliyovutwa chini tunayaachia kwa sindano inayopita chini ya ngozi, ikikata nyuzi zinazoyavuta. Ni mara kadhaa, kwa nafasi. Na ngozi yetu nyeusi haitaki pupa, ukiiunguza kwa mashine kali au tindikali inakuachia madoa mapya. Mashimo yatapungua, mwanangu. Hayataisha yote. Sitakuahidi nisichokiweza."

Akalinusa lile kopo la krimu walilokuja nalo, akalitupa. "Kwa ninavyoona, humu kuna dawa kali ya kutuliza uvimbe, na uso wako umeizoea. Tutakuongoza mpaka uachane nayo. Utachafuka kidogo kabla hujatulia. Usiogope, na usirudi saluni."

Kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe baba, zako zilikuwa hivi?"

"Zaidi."

"Chunusi za namna hii hutembea kwenye ukoo. Mtoto wa mtu mwenye uso kama wako ndiye wa kuletwa mapema kuliko wengine."

Hakusema kwa ubaya. Fundi akauliza, "Ningemleta alipoomba?"

"Aliomba lini?"

"Mwaka jana, kabla ya chuo," Kasuku alijibu.

"Mengi ya mashimo haya yasingekuwepo," daktari alisema, akaendelea kuandika dawa.

Walikaa nje kwenye benchi la duka la dawa, wakingoja kuitwa.

"Kasuku."

"Abee, baba."

"Nilikosea."

"Najua."

"Wewe nawe! Si ungesema 'hapana baba, hukukosea'?"

"Si wewe uliyenifundisha tusifute?"

Fundi alicheka, na kicheko kikamgeukia katikati, ikabidi avue miwani aifute kwa ncha ya shati. Kasuku akamwegemea begani.

"Baba, mimi sikuuchukia uso wangu. Nilitaka tu usiume."

Safari hii Fundi alisikiliza.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Uso ulichafuka kama daktari alivyosema. Fundi ndiye aliyekuwa akigonga mlango asubuhi: "Umepaka ya jua?" "Nimepaka!" "Na kofia?" "Baba, ni mvua!" Vinundu vikakoma, kimoja kimoja. Madoa meusi yakafifia. Siku ya kutobolewa sindano kwa mara ya kwanza, Kasuku alitoka amevimba, akamwambia baba yake sasa wamefanana kabisa, na shangazi akacheka kwa sauti iliyoamsha walinzi. Mdomo wa Kasuku ulikuwa umerudi.

Fundi bado hafuti kovu kwenye picha ya mtu, na katika hilo hana kosa. Ila kijana akiketi kwenye kiti chake akiwa na vinundu vibichi usoni, humwita mzazi pembeni kabla hajawasha taa, akamwambia ampeleke kwa daktari wa ngozi, mapema. Wazazi wengine hukasirika. "Nimekuja kupiga picha, sikuja kupimwa!" Fundi huinamisha kichwa tu, akapiga picha, kisha akarudia maneno yaleyale wakati wa kuwapa bahasha.

Kasuku anafundisha sasa, na watoto wanampenda. Ana mashimo kwenye shavu la kushoto na kando ya taya. Matibabu yameyapunguza kina, na yaliyobaki hayataondoka. Aliyapata katika mwaka ule ambao alimwomba baba yake msaada na baba yake akampa kanuni.