Mgiriki Kwenye Posa ya Mdogo Wangu

Mwaka ule nilikuwa nasoma shahada ya jioni, mtu mzima na familia yangu, na mhadhiri akatupa insha iliyoninyima raha: tulinganishe wanafalsafa wakubwa wa Magharibi, tuseme ni yupi aliyebadilisha zaidi maisha ya watu. Nikachagua watatu. Mgiriki aliyezunguka sokoni akiuliza watu maswali mpaka wakamnywesha sumu. Mjerumani wa wajibu, aliyekataza mtu kumtumia mwenzake kama chombo. Na Mwingereza wa faida ya wengi.

Wiki ya kwanza nilikuwa upande wa Mwingereza. Mimi ni mtumishi wa ofisi hapa Kibaha, na kazi zetu zote naona zinamfuata yeye: barabara ikipanuliwa, kibanda cha mtu kinaondoka ili wengi wapite. Wiki ya pili nikahamia kwa Mjerumani, maana bila wajibu nani angeamka alfajiri kwenda kugonga mihuri? Ya tatu nikaangukia kwa Mgiriki. Hakuandika hata ukurasa mmoja, lakini bila yeye hao wawili wangeanzia wapi? Naandika, nafuta. Mke wangu akauliza hao wazungu watatu watahama lini nyumbani kwake.

Katikati ya vurugu hiyo mama akapiga simu kutoka Kisarawe. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, analetewa posa. Kijana mwenyewe ana duka la vipuri vya pikipiki mtaa wa Kwa Mathias, hapa hapa Kibaha. Baba alishafariki, kwa hiyo walii ni mimi, na bila neno langu hakuna ndoa. Jumapili nikaenda, makaratasi ya insha yakiwa kwenye begi.

Mshenga alikuwa mzee mpole, kanzu imepigwa pasi ikanyooka. Akaweka mkekani barua iliyofungwa kwenye leso, akasema yale yanayosemwa: wamekuja kwa heshima, wameona ua wamelipenda, kijana wao ana tabia njema. Hapo kazi ya walii ni kusema tumesikia, tutawajibu, kisha chakula kinaletwa. Mimi nikamuuliza, "Tabia njema ni nini?"

Akatabasamu, akidhani namtania. "Haibi, halewi, anaswali."

"Na asiyeiba kwa kuogopa kukamatwa, naye ana tabia njema?"

"Mwanangu, huyu tunamjua tangu mdogo."

"Kumjua mtu ni kujua nini?"

Sijui nilipatwa na nini. Ninachokumbuka ni kwamba nilisikia raha, na huo ndio ukweli mchungu. Mama aliinamisha macho. Shangazi, dada yake baba, akakohoa mara mbili. Yule mzee akaichukua leso yake pamoja na barua, akasema kwa upole kwamba wamelielewa jibu letu, akaaga. Wali haujapakuliwa. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua tumejibu nini: kwetu, walii akianza kumhoji mshenga, amekataa.

Shangazi hakunificha. "Umemfukuzia mdogo wako mchumba. Usomi gani huo?" Nikajitetea kwamba kuuliza si kukataa. Akasema hayo nikamweleze mwenyewe, yuko uani.

Nilimkuta anakuna nazi. Hakugeuka. Nikamwambia nilitaka tu kujua anaolewa na mtu wa namna gani.

"Kaka," akasema taratibu, "umemuuliza mzee wa watu maswali yote yale. Mimi hujaniuliza hata moja."

Nilinywea. Jambo la kwanza la walii ni kumuuliza binti kama ameridhia, hilo nalijua tangu madrasa. Na maneno ya Mjerumani kuhusu kumtumia mtu nilikuwa nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu, yako kwenye begi pale sebuleni, huku posa ya mdogo wangu nimeifanya uwanja wa mazoezi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikachuchumaa mbele yake. "Haya, nakuuliza. Unamtaka?"

Akanyamaza. Nazi ikaendelea kudondokea sinia. Nikangoja. Shangazi akatokea mlangoni. "Binti akinyamaza ameridhia. Ulitaka akuimbie? Mpigie mzee kabla hajafika mbali." Lakini mimi namjua yule mtoto, akikasirika pia hunyamaza, tena wiki nzima. Sasa kimya kile kilikuwa kipi? Mgiriki angeuliza tena. Mjerumani asingeshika simu kabla ya kupata jibu. Mwingereza angetazama mama anafurahi, shangazi anafurahi, wakwe wanafurahi, basi. Kichwa kilinizunguka, nikapiga. Nikaomba radhi, mzee akarudi, tukala.

Kwenye insha niliandika kwamba Mgiriki amewazidi wote, kwa sababu aliwafundisha watu kuuliza. Nilipata alama nzuri.

Mdogo wangu sasa anaishi Kwa Mathias na mumewe na mapacha wao. Shemeji ni mtu mwema, kwa ninavyoona mimi. Nikitoka kazini hupita kuwasalimia, mdogo wangu ananitilia chai, tunaongea habari za mama, tunacheka. Mara nyingine shemeji akitoka kwenda dukani tunabaki wawili, na swali linanifika mdomoni kabisa. Mpaka leo sijui siku ile aliniitikia au alininunia. Nakunywa chai yangu, naaga. Naogopa kumuuliza.