Jembe Chini ya Kiti

Watu wakisikia nilikuwa dereva wa serikali miaka ile ya kuhamia vijijini, wananiuliza habari za barabara. Barabara! Mimi nikikumbuka miaka ile namkumbuka mama mmoja wa upande wa Issuna, niliyemharibia maisha kwa sababu ya waya uliokatika. Nasema mimi, sisemi sisi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu tuliyoachiwa na wakoloni. Betri yake ilikaa ndani, chini ya kiti cha abiria wa mbele, kwenye sanduku la bati. Mfuniko wa sanduku hilo niliutupa mwenyewe, maana nilichoka kufungua skrubu nne kila nikitaka kuongeza maji ya betri. Mkubwa niliyekuwa namwendesha alikuwa mdogo kwangu kwa umri, ana kalamu tatu mfukoni. Mikutanoni alitaka aitwe ndugu. Ndani ya gari ukimwita ndugu ananuna mpaka jioni. Tena alikuwa mwoga, jamani! Siku za kuhamisha watu aliamuru wanyang'anywe kila jembe na kila panga, wasije wakamkata shingo njiani.

Siku hiyo tulipakia watu saba na vyombo vyao. Wa mwisho alikuwa yule mama, mjane, rika la mama yangu mzazi. Hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, akamuage mumewe kwenye kaburi lililokuwa nyuma ya zizi. Akaenda na kibuyu, akamwaga maji kidogo na unga wa uwele, akasema maneno kwa Kinyaturu, akarudi na jembe lake begani. Nikamnyang'anya, nikalisukumiza chini ya kiti cha mkubwa bila hata kuangalia linaangukia wapi. Tukaondoka. Nyumba yake ya tembe ilikuwa imeshang'olewa paa, asije akafikiria kurudi.

Hatukwenda hata maili tatu. Tulivuka korongo lenye mawe, gari likarukaruka, mara kimya. Halikukohoa, halikupungua nguvu. Mshale wa chaji ukalala, injini ikazima, taa hamna, honi hamna, ufunguo ukiuzungusha hata mlio hausikii. Gari likifa lote kwa mkupuo namna hiyo, usihangaike na plagi wala petroli. Unaanza kwenye betri.

"Mzee, naomba ushuke kidogo," nikamwambia mkubwa. "Betri iko chini yako."

"Boneti iko mbele," akanijibu. "Au leo umesahau?"

Jua lilikuwa kali, hakutaka kushuka. Basi nikaenda kuhangaika mbele huku najua kabisa nahangaika bure. Nilikuwa na balbu ndogo niliyoifunga nyaya mbili za kupimia. Nikagusa kwenye fyuzi, haikuwaka. Kwenye koili, haikuwaka. Nikafuata ule waya mnene unaotoka kwenye betri, napo giza tupu. Harufu ya kuungua nilikuwa nimeisikia tangu korongoni. Mkubwa hakuisikia, alikuwa anavuta sigara moja baada ya nyingine.

Baada ya kama saa nzima alichoka kukaa. Akashuka, akamwita mama.

"Wewe bibi, ulisema nini pale kaburini?"

"Nimemwambia nahama, asinitafute pale."

"Na gari je?"

"Gari mimi silijui, mwanangu."

Mkubwa akawageukia wale wengine, akawauliza kama mama huyu wanamfahamu vizuri. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake, akasogea naye kando.

Mimi nikaona kiti kiko wazi, nikakiinua. Jembe lilikuwa limelala juu ya betri, chuma kimegusa kichwa cha betri na ncha imegusa bati la sanduku, limeungua mpaka likawa la bluu. Umeme wote ulipita humo, ukaukata ule waya mfupi unaoiunganisha betri na bodi ya gari. Moyo ulinipasuka. Miaka ile ukiharibu gari la serikali hawakusema bahati mbaya, walisema hujuma, na nyumbani nilikuwa na watoto wanne. Nikalichomoa jembe haraka, nikalificha chini ya gunia. Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama mlangoni. Ameona kila kitu.

Nikachuna ule waya uliokatika, nikauviringisha kwa nguvu kwenye boliti ya bodi. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Nikakaa kwenye usukani, gari tayari, la kuwasha tu.

"Ninyi si mnatema maji mkibariki kitu?" mkubwa akamwambia mama. "Haya, tema. Toa ulichokiweka."

Hapo ndipo ningefungua mdomo. Neno moja tu: jembe. Sikulisema. Mama akapiga funda la maji kutoka kwenye kibuyu, akaitemea boneti, akaniangalia. Sikuwasha. Niliona nikiwasha pale pale watashtukia kuwa nimelitengeneza mimi.

"Tena!" mkubwa akafoka.

Akatema tena. Ndipo nikazungusha ufunguo. Gari likanguruma, na wale watu wote wakaguna kwa pamoja, "Aaah!"

"Ilikuwa nini, dereva?"

"Waya zote nzima, mzee. Hata mimi sielewi."

Mama akaja dirishani kwangu. Hakupiga kelele. "Mwanangu," akasema, "jembe si umeliona? Waambie."

"Panda gari, mama," nikasema.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya njia ya Ikungi, viwanja vimepimwa kwa mstari. Mama alipewa kiwanja katikati. Kabla ya jua kuzama habari zilikuwa zimefika, na majirani wa kulia na wa kushoto wakakataa kujenga karibu naye. Hakupata mtu wa kumshikia hata nguzo moja. Mwishowe alijenga kibanda mwenyewe, kule mwisho kabisa, vichakani.

Mwaka uliofuata nilimpeleka pale mwalimu mgeni, kijana mpole, ametoka mbali na hamjui mtu yeyote. Mkubwa alikuwa ameshahamishwa. Ndani ya gari tulikuwa wawili tu, mwalimu na mimi. Tukampita mama, ana ndoo ya maji kichwani, anatembea peke yake. Mwalimu akasema tusimame tumsaidie yule bibi.

"Huyo? Mwogope huyo," nikamwambia. "Huyo aliwahi kulizima gari hili kwa maneno tu."

Nikakanyaga mafuta. Mwalimu akapandisha kioo.